Kozi ya sauti ya namba na alama kwa Kiingereza: masikio imeyanoa, mabano imeyasahau

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya sura ya imla peke yake, na sehemu kubwa ya zilizopungua imepotelea kwenye sura ya alama za hisabati. Jina la kozi naliacha kwa makusudi kwa kuwa nina lawama nayo. Anayetafuta masomo ya kusoma namba kwa Kiingereza kwenye simu ataitambua kwa maelezo.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi ni fundi sanifu kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi. Tunavunja michemraba ya zege kwa mashine, tunaandika imebeba mzigo kiasi gani kabla ya kupasuka, halafu matokeo tunawasomea kwa simu wahandisi washauri walioko nchi nyingine. Ripoti ya maandishi hufuata baadaye, lakini uamuzi wa kumwaga zege la sakafu inayofuata au kusubiri huanzia kwenye ile simu. Kiingereza cha kuandika hakinisumbui. Shida ni kwamba karatasi inakuonyesha 0.45, inakuonyesha N/mm², inakuonyesha √, na haikwambii hata kimoja kinatamkwaje. Mtu anaweza kusoma vitabu vya uhandisi vya Kiingereza tangu chuo mpaka kustaafu asijue ile ∂ aliyoiona kila siku inaitwaje mdomoni. Neno la kawaida ukiliona limeandikwa unapata angalau fununu ya sauti yake, hata kama Kiingereza ni kigeugeu. Alama haina fununu yoyote.

Unachopata ni faili za sauti, kijitabu cha kufuatia, na programu ya simu inayofanya kazi bila intaneti ukishapakua kila kitu. Wasomaji ni wengi na lafudhi zao zinatofautiana: yuko Mwingereza wa kusini, wako Wamarekani wawili, na yuko mwanamke wa Scotland ambaye namba zake zinakwenda mbio kama treni iliyochelewa.

Sura ya namba nzima imetulia. Haikuandikwa kwa ajili yetu, kwa hiyo haigusi kitu kinachomsumbua zaidi anayefikiri kwa Kiswahili, yaani mpangilio. Sisi tunasema mia tatu, kilo tano, milimita mia moja na hamsini. Kitu kinatangulia, idadi inafuata. Kwa Kiingereza idadi ndiyo inayotangulia kila mahali, na kwenye namba ndefu ulimi hukwama katikati: umeshasema "millimetres" na namba bado iko kooni. Hilo itabidi ulizoee mwenyewe. Mengine kozi imeyafafanua vizuri. "Three hundred" haina "s" hata idadi iwe kubwa vipi. "S" huja pale tu ambapo hukuhesabu, kama "hundreds of samples". Mwingereza husema "six hundred and seventy-five", Mmarekani mara nyingi huitupa ile "and", na wote wawili wanasikika kwenye faili moja, mmoja baada ya mwingine, mpaka sikio linaacha kushtuka.

Jambo moja kubwa limerukwa. Kozi inasema "billion" ni milioni elfu moja, basi, inaendelea na safari. Ni kweli kwa leo. Lakini Uingereza ilikuwa ikiita hivyo milioni milioni moja, na ilikuwa ni mwaka 1974 ambapo waziri mkuu Harold Wilson aliliambia Bunge kwamba serikali yake itatumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu, kama Wamarekani. Mjerumani na Mhispania mpaka sasa, kwa lugha zao, neno lao linalofanana na hilo ni milioni milioni. Kwa hiyo mtu unayeongea naye kwa Kiingereza, ikiwa si Mwingereza wala Mmarekani, anaweza kuwa anatafsiri kichwani, na ukubwa wa namba ukapishana mara elfu. Sentensi mbili tu zingetosha.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niiheshimu kozi hii: 13 na 30, 14 na 40, na ndugu zao wote hadi 19 na 90.

Kanuni inayofundishwa kila mahali ni mkazo. "Thirteen" hupigwa mwishoni, "thirty" hupigwa mwanzoni. Kozi inaisema, halafu inaibomoa yenyewe. Inakusikilizisha "thirteen" ikiwa peke yake, kisha "thirteen cubes", na ukitega sikio unasikia mkazo umehama, umerudi mwanzoni, kwa sababu neno linalofuata lina mkazo wake na Kiingereza hakipendi mikazo miwili ikae bega kwa bega. Maana yake ile kanuni uliyokariri inakutoroka pale pale unapoihitaji, yaani kwenye sentensi halisi ambapo baada ya namba kuna kitu kinachohesabiwa. Kinachobaki kukusaidia ni vitu vidogo: "n" ya mwisho, ile irabu iliyovutwa, na "t" ya katikati. Mmarekani akitamka "thirty", "t" yake hulainika mpaka inakaribia "d", lakini kwenye "thirteen" inabaki kavu. Faili linakurudishia jozi hiyo kwa sauti ya kila msomaji, polepole kisha kwa kasi ya mazungumzo.

Halafu linaongeza kitu ambacho wengi wanaofundisha lugha hawakigusi: simu yenyewe. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha sauti za kati ya hertz 300 na 3,400 hivi. Vilivyo juu ya hapo hukatwa, na huko juu ndiko zinakoishi sauti za mikwaruzo kama "s" na "f". Kwa hiyo hata Mwingereza na Mwingereza mwenzake wanapishana kwenye "fifteen" na "fifty". Marubani walilimaliza hilo zamani. Kwa utaratibu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, redioni 9 ni "niner", 5 ni "fife", 3 ni "tree", na elfu ni "tousand", sauti zote zilizokuwa zinapotea zimebadilishwa makusudi. Wauguzi na wafamasia nao wanashauriwa kutamka kipimo kizima kisha tarakimu mojamoja: "fifteen, one five". Kozi inapendekeza njia hiyo hiyo kwa mtu yeyote anayesoma matokeo kwa simu, na mimi nimeihamishia kazini moja kwa moja. Zege la nguvu 30 linabeba nyumba. Zege la 13 linavunjwa na kumwagwa upya. Mwenzangu mmoja amewahi kusoma "thirty" safi kabisa na upande wa pili wakaandika 13, simu zikaanza kupigwa kila upande mpaka karatasi ilipofika. Siku hizi sote tunasema "thirty, three zero", na hakuna anayetucheka.

Imla ndiyo moyo wa kozi. Unasikia mtu akisoma matokeo huku nyuma yake kuna kelele za mashine, au upepo, au laini inayokatika, nawe unaandika kwa tarakimu. Ukimaliza unaonyeshwa ulipopishana naye. Hapa hakuna maelezo ya sarufi, hakuna mwalimu anayekupongeza kwa sauti ya katuni. Unasikia, unaandika, unaona. Kelele zimepangwa kwa akili: "nine" na "five" zimewekwa pale ambapo laini ni mbovu zaidi, na namba za simu zenye "double seven" zimechanganywa na zile zinazosomwa tarakimu kwa tarakimu. Usipojua kwamba "double" maana yake tarakimu inayofuata inarudiwa, unabaki na namba iliyopungukiwa. Sifuri inakuja kwa majina yake yote, "zero", "nought", na "oh", tena ndani ya sentensi moja. Wanatesa, lakini ndivyo watu wanavyoongea.

Desimali zimepewa nafasi inayostahili. 0.45 ni "nought point four five" kwa Mwingereza, "zero point four five" kwa Mmarekani, na si "point forty-five" kwa yeyote anayetaka kueleweka. Kijitabu kinatoa sababu, jambo ninalolipenda: ukisema "point forty-five" karibu na "point five", sikio linapima 45 na 5, linaona ya kwanza ni kubwa, na ukweli ni kinyume chake. Kwangu 0.45 ni uwiano wa maji na saruji, na kati ya 0.45 na 0.5 kuna zege tofauti kabisa. Tena kuna hili la wingi: "nought point five millimetres", "zero degrees", zote zina "s". Kinachokosa "s" ni moja yenyewe. Na kipimo kinapogeuka kuwa sifa ya kitu, "s" inaondoka: "a 150-millimetre cube".

Hapo hapo kuna mfano nilioufurahia kuliko yote. "Twenty-eight-day tests" ni vipimo vya zege la siku ishirini na nane. "Twenty eight-day tests" ni vipimo ishirini vya siku nane. Kwenye karatasi tofauti ni kistari kimoja. Mdomoni tofauti ni pumzi, unapumzika baada ya "twenty" au hupumziki. Msomaji wa Kimarekani anazisoma zote mbili na tofauti inasikika wazi kabisa.

Nimeurefusha mfano huo kwa sababu ndio unaonifanya niilaumu sura ya alama. Watu hawa wanajua kwamba mapumziko ni sehemu ya namba. Wanalijua, wamelionyesha wenyewe, kisha wakifika kwenye hisabati wanalisahau.

Sura ya alama ni orodha tu. Unabonyeza √ unasikia "the square root of". Unabonyeza x² unasikia "x squared", x³ "x cubed", ≥ "is greater than or equal to", n! "n factorial", x̄ "x bar", ∑ "the sum of". Unabonyeza ∂ na mtu anasema "partial", jibu la swali langu la miaka mingi, nashukuru. Yote ni sahihi. Lakini hakuna anayesoma alama mojamoja. Tunasoma kanuni nzima, na kanuni nzima ina mabano, ina mstari wa sehemu, ina kofia ya kipeuo inayofunika vitu hivi na kuacha vile. Jicho linaona vyote kwa mpigo. Sikio linapokea neno moja moja kwa foleni.

Chukua a jumlisha b, vyote juu ya c. Ukisema "a plus b over c" umetamka sahihi kila alama, na msikilizaji anaweza kuandika b peke yake juu ya c huku a ikiwa pembeni. Waingereza wana dawa ndogo sana ya hilo, neno "all": "a plus b, all over c". Ukitaka mabano yote yapandishwe kipeo cha pili ni "a plus b, all squared". Wamarekani hupenda kusema "the quantity a plus b, squared". Maneno haya hayapo kwenye sura ya alama. Hayapo! Nimeyajua kwa kuwasikiliza wahandisi tunaofanya nao kazi.

Kwangu si jambo la nadharia. Kila kundi la michemraba lina mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika, na kanuni yake inasomeka hivi: "s equals the square root of", unapumzika, "the sum of x minus x bar, all squared", unapumzika tena, "all over n minus one". Ondoa hizo pumzi na hizo "all" mbili, utabaki na msururu wa maneno ambao mtu anaweza kuuandika kwa namna nyingi, na kila moja itampa jibu tofauti. Mtunzi wa kozi angeweza kuchukua kanuni hii moja, akaisoma vibaya, akaisoma vizuri, na sura ingekuwa imesimama.

Na si kwamba hakuna wa kuigwa. Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1918 akiwa haoni, alitegemea watu wamsomee hisabati kwa sauti, na kila msomaji akija na mtindo wake. Mbali na ule mfumo wa nukta za Braille kwa hisabati unaobeba jina lake, aliweka kanuni za kusoma ambazo hazina utata: unatangaza sehemu inapoanza, unasema kiasi, unasema "over", unasema asili, kisha unatangaza sehemu imeisha. Kipeuo hivyo hivyo. Ni ndefu, inachosha ukiitumia kwenye mazungumzo ya kawaida, lakini anayesikiliza anaweza kuandika kila kitu bila kuona ubao. Programu zinazowasomea wasioona zimefuata njia hiyo. Kozi ya kulipia iliyojengwa juu ya sauti haina hata ukurasa mmoja wa haya.

Badala yake sura inatupa vipande vya historia, na hapo siwezi kulalamika sana. Alama ya sawasawa ni ya Robert Recorde, tabibu mzaliwa wa Wales, ambaye mwaka 1557 alichoka kuandika "is equal to" kila mstari, akachora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Yeye alitafuta alama ili ayakimbie maneno, na sisi leo tunalipia kozi ili turudishiwe maneno yale yale. Nilicheka peke yangu maabara.

Lawama nyingine ni mchanganyiko wa Uingereza na Marekani. Kwenye namba walizitenganisha vizuri. Kwenye alama wamezikoroga. Msomaji mmoja anasema "zed", halafu ( ) anaziita "parentheses", hali Mwingereza huziita "brackets" na Mmarekani akisikia "brackets" anachora zile za mraba. x′ imesomwa "x prime" bila kutajwa kwamba Waingereza wengi husema "x dash", na mtu asiyejua akisikia "dash" ataandika kistari cha kutoa. β imetamkwa "biita" faili moja na "beita" faili jingine. Si kosa kuzifundisha zote. Kosa ni kutomwambia mwanafunzi ipi ni ya nani.

Vipimo vimefanywa vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Ile mm² inasomwa "square millimetres", na wanaeleza kwa nini "five metres squared" inaweza kumfanya mtu afikirie mraba wenye upande wa mita tano, yaani ishirini na tano. Alama ya × kati ya vipimo vya kitu ni "by", si "times": mchemraba wetu ni "one fifty by one fifty by one fifty". "Kilometre" ina mikazo miwili inayokubalika na wote wawili watakuelewa. Lakini wamefundisha "degrees Kelvin". Hiyo "degrees" iliondolewa rasmi mwaka 1967. Sasa ni "kelvins" tu, kama unavyosema "newtons". Niliwaandikia, wakanijibu kwa adabu kwamba wamepokea maoni yangu. Faili bado ni lile lile.

Kuna kitufe cha kubandika maandishi yako ili sauti ya kompyuta ikusomee. Msijisumbue. Nilibandika mstari wa ripoti: mzigo 675 kN, eneo 22,500 mm², nguvu 30 N/mm². Mzigo ikausoma sawa. Ilipofika kwenye N/mm² ikasema "N slash mm two" kwa kujiamini kabisa, na 150 × 150 ikaisoma "one fifty x one fifty", kana kwamba natafuta thamani ya x. Inayotakiwa ni "thirty newtons per square millimetre", mkwaju (/) unakuwa "per", na kipeo kinageuka "square" kinachotangulia kipimo. Kozi yenyewe imeyafundisha haya kurasa chache nyuma. Mashine yao haikuhudhuria.

Kama kazi yako ni kusikia na kusema namba, yaani wewe ni mhasibu, nesi, mtu wa maabara, mkalimani, au unapokea oda kwa simu, ichukueni na mfanye imla mpaka iwachoshe. Kama unajiandaa kufundisha au kuwasilisha hisabati yenyewe kwa Kiingereza, sura ile itakuacha njiani. Sikiliza mihadhara iliyorekodiwa ya vyuo vikuu, funga macho, na uandike kanuni mwalimu anavyozitamka kabla hujaangalia ubao.

Ukishapakua faili za imla, mpangilio wao unaanza na Mwingereza wa kusini, mwepesi mno. Anza na yule mwanamke wa Scotland, kwa kasi kamili, ukiwa na kelele za mashine.